Chapa zangu za tashtiti zinaudhi majirani hapa Lamu, nifanyeje?

FundiWaLangoni:
Assalamu aleikum. Mimi ni fundi wa nakshi za milango hapa Amu. Mbao zinazobaki karakana nazichonga picha, napaka wino kwa rola na kuchapa kwenye karatasi. Nachonga yaliyo njiani kwa tashtiti, yaani dhihaka ya kukosoa: punda aliyelemewa na mawe huku mwenyewe akilalamikia mgongo wake, mheshimiwa anayeshuka gatini msimu wa kura akikumbatia hata paka, wazee wa barazani wanaomhukumu kila apitaye.

Mwenye duka la sanaa anataka majahazi na milango tu. Hilo nalimeza. Linaloniuma ni jirani yangu, mtu wa heshima, anayesema yule mzee wa barazani ni yeye. Sikumkusudia, lakini mji wetu mdogo, sote twajuana. Niache?

BintiShela:
Usiache, kaka! Kazi hii ina wazee wake. William Hogarth wa London alitoa chapa mbili mwaka 1751, "Beer Street" na "Gin Lane", shilingi moja kila moja ili ziwafikie wengi. Katika ya pili, mama amelewa jini, ile pombe kali, hadi mwanawe anamponyoka na kuanguka kutoka ngazini. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kubana uuzaji wa jini. Hakumsema mlevi fulani, alisema mtaa mzima.

MzeeMkomani:
Mwanangu, tashtiti hatukufundishwa na Wazungu. Muyaka wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa hapa kwetu walijibizana kwa mashairi makali, miji yao ikiwa na uhasama. Lakini hao walikuwa wakubwa kwa wakubwa. Mzee wa barazani atakujibu kwa kitu gani? Nenda kwake baada ya alasiri, uichukue chapa, umsikilize. Huenda ni kofia tu iliyomtambulisha.

PatasiNdogo:
Naafiki, na kofia inarekebishika. Kwenye ubao, ulipochonga hapashiki wino. Iondoe nakshi yote ya kofia, itoke nyeupe tupu kama ya mtu yeyote. Ila kumbuka kilichokwisha kutoka hakirudi, kwa hiyo anza na kidevu au kofia, usiguse macho.

Mheshimiwa usimguse hata kidogo, mwache alivyo.

BintiShela:
Hapo kwa mheshimiwa pana gharama, tusimdanganye. Honoré Daumier alimchora mfalme wa Ufaransa kama jitu linalomeza kodi za watu, na mwaka 1832 akafungwa. Mwaka 1835 sheria ikabana katuni za siasa, naye akageukia maisha ya kila siku ya Paris: wenye nyumba, wapangaji, mawakili. Hizo ndizo nazipenda zaidi, kwa sababu kila mtu humwona jirani yake ndani yake.

FundiWaLangoni:
Shukrani, Mzee. Nitakwenda kesho alasiri. Mheshimiwa abaki, gharama nimeielewa. Swali la mwisho: sina mashine, naisugua karatasi kwa kiganja na weusi unatoka na madoa.

PatasiNdogo:
Tumia mgongo wa kijiko cha mbao, duara ndogondogo, kutoka katikati kwenda pembeni. Na wino upake mwembamba mara mbili, usiumwage mwingi kwa mara moja, utaziba mistari yako.