Naombeni ushauri: simu ya bei nafuu kwa ajili ya kazi tu

MzigoUmetoka
Habari zenu wakuu. Niko kwenye mauzo na mpaka sasa nina namba moja tu: ndiyo ya mama, ndiyo ya wateja. Mtu anapiga saa tano usiku kuuliza kama mzigo umetoka, mwingine anatazama stetasi ya harusi ya dada yangu, anapongeza, halafu hapohapo anaomba punguzo. Nataka simu ya pili, nikitoka kazini naizima. Ofisi hainunui, natoa mfukoni mwangu, kwa hiyo naangalia zile za bei ya chini kabisa. Matumizi ni kupiga na kupokea, WhatsApp, barua pepe, kupiga picha risiti na bidhaa. Gemu sichezi. Nimeona moja imeandikwa RAM 8GB kwa bei ya kutupa. Niichukue?

LainiMbili
Kabla hujatoa hela, simu uliyonayo inaingia laini mbili? Kama ndiyo, weka ya kazi humohumo. WhatsApp Business inakaa pamoja na WhatsApp ya kawaida kwenye simu moja, kila moja na namba yake. Jioni unaingia kwenye mipangilio unaizima laini ya kazi, umemaliza.

MzigoUmetoka
Inaingia mkuu, na hilo nimelifikiria. Shida ni kwamba nikienda likizo kuna mwenzangu anashika wateja wangu. Siwezi kumwachia simu yenye picha za familia na ujumbe wa benki.

LainiMbili
Hapo umenimaliza. Nunua.

FundiKioo
Hiyo 8GB, geuza boksi usome maandishi madogo. Mara nyingi utakuta 4+4. RAM halisi, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, ni 4, hizo nyingine zinakopwa kwenye hifadhi, na hifadhi ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM. Si kwamba simu ni mbovu, ila usiilipie kama ya 8. Kwa kazi zako 4GB halisi zinatosha. Za 2GB usiguse kabisa: unatoka WhatsApp kwenda kwenye kamera, ukirudi programu inajifungua upya na mteja yuko hewani anasubiri. Hifadhi chukua 128GB ukiweza, maana picha za risiti zinajaa kimyakimya, na simu za daraja hili hifadhi ikikaribia kujaa zinaanza kuganda.
Megapikseli 50 zisikupumbaze. Chukua karatasi yenye maandishi madogo, ipige picha palepale kabla ya kulipa, ikuze, usome. Ukishindwa kusoma namba ya risiti, rudisha. Ile lenzi ya pili ya megapikseli 2 ni pambo tu.

Bonyeza_Bonyeza
Mnamsumbua bure. Achukue kitochi chenye WhatsApp, chaji anasahau ilipo.

FundiKioo
@Bonyeza_Bonyeza hiyo imepita ndugu yangu. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye KaiOS, ule mfumo wa vitochi vyenye intaneti, mwanzoni mwa 2025. Kitochi cha kupiga tu sikatai, ila kiwe cha 4G chenye VoLTE, yaani kinachopiga simu kupitia 4G yenyewe, kwa sababu kampuni nyingi za simu duniani zimezima au zinazima 2G na 3G.

MkonoWaPili
Mimi ningechukua iliyotumika ya daraja la juu. Kwa hela ileile unapata kioo kizuri na kamera ya maana.

FundiKioo
Sawa, ila kwa simu ya kazi nina wasiwasi. Kwanza betri, hujui imechajiwa mara ngapi. Pili, hakikisha muuzaji ameondoa akaunti yake ya Google kwenye mipangilio, kisha aifute simu mbele yako na uiwashe mpaka mwisho. Ikidai akaunti ya zamani, umenunua kigae. Bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye boksi, na uulize kama ilichukuliwa kwa mkopo, maana zingine hufungwa kwa mbali deni lisipolipwa. Halafu angalia tarehe ya apdeti ya mwisho ya usalama. Kama ni ya miaka miwili nyuma, barua pepe za ofisi sitaki ziingie humo. Mpya za bei nafuu siku hizi zimejitahidi kwenye hilo: Galaxy A16 ya Samsung ilitoka 2024 na ahadi ya apdeti za usalama kwa miaka 6. Kama bajeti haifiki huko, uliza hilo swali kwa yoyote unayoishika.

MzigoUmetoka
Nimeelewa, mpya yenye 4GB halisi. Swali la mwisho: wateja wote wana namba yangu ya sasa. Si bora namba hii iende kwenye simu ya kazi, halafu nichukue mpya kwa ajili ya ndugu? Ndugu ni wachache.

DadaWaOda
Nilitaka kukuambia hivyohivyo, ila umesema ujumbe wa benki unaingia humo. Ukimwachia mwenzako simu, umemwachia na namba za siri zote zinazotumwa kwa SMS. Labda uhamishe benki, barua pepe na kila akaunti kwanza, na moja utaisahau tu.
Kazi ichukue namba mpya. Mimi niliwatumia wateja mmojammoja, maana orodha ya matangazo ya WhatsApp inamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako, na wateja wengi hawahifadhi. Kwenye Business washa ujumbe wa kutokuwepo, uweke saa zako za kazi. Wanaoendelea kupiga ya zamani, usiwajibu oda humo. Wape namba mpya, basi. Mkaidi mmoja au wawili watabaki, hao hata ukihama nchi watakupata.

MzigoUmetoka
😂 Huyo wa saa tano usiku ni mmojawapo. Asanteni sana, kesho naenda na karatasi yangu ya risiti.