Akaunti ya biashara au ya mtengeneza maudhui? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nauza madera na vijora Kariakoo, na wateja wangu wengi wananipata Instagram. Mwezi uliopita niliitoa akaunti yangu kwenye ya kawaida nikaiweka ya biashara. Shida yangu ilikuwa kitufe cha kupiga simu tu, maana nimechoka na "dada namba yako?" kila posti.

Kitufe nikakipata. Jioni yake nikarekodi dera jipya la maua, nimelitundika mbele ya feni pindo lipepee, nikaingia kutafuta wimbo wa Bongo Fleva uliokuwa unatamba wiki ile. Haupo. Naandika jina la msanii, hayupo. Nimeachiwa miziki ile ya kwenye lifti za hoteli. Nikadhani bando limekata! Kumbe akaunti ya biashara inapewa maktaba yake, ya miziki inayoruhusiwa kwa matangazo, na nyimbo nyingi za wasanii wakubwa hazimo. Kosa langu, sikusoma.

Waliopita njia hii, nyie mko upande gani?

Muoka keki, Mombasa
Pole dadangu. Mimi niko ya mtengeneza maudhui mwaka wa tatu huu. Nyimbo ninazo, takwimu ninazo: naona watu wametoka mji gani, wanaingia saa ngapi. Wangu hujaa saa tatu usiku, watoto wakishalala, basi keki naiposti saa hiyo. Na hicho kitufe cha simu huku pia kipo, hukuwa na haja ya kuhama! Ila tusidanganyane, kuupata wimbo kwenye programu si ruhusa ya msanii kuuzia bidhaa. Matangazo ya kulipia natumia miziki ya bure.

Winga wa simu, Arusha
TikTok nako ni yale yale, ukiwa biashara unapewa maktaba ya kibiashara tu. Mimi nimebaki humo humo, nyimbo nikaachana nazo. Natumia mdomo wangu. Nafungua boksi mbele ya kamera, nabonyeza *#06#, IMEI (namba ya utambulisho ya simu) inatokea, nailinganisha na ya kwenye boksi, namba moja moja. Watu wanaangalia mpaka mwisho kwa sababu wengi wameshapigwa. Kwa nguo sijui, dera halina IMEI.

Msusi, Nairobi
Hakuna mtu amesema hii: zote mbili, biashara na ya maudhui, huwezi kuzifunga zionwe na unaowakubali tu. Ya kawaida ndiyo inafungika. Mimi nilibadilisha akaunti yangu ya siku zote, ikiwa na picha za watoto tangu wakiwa wachanga, na namba yangu ikawa pale juu. Saa nane usiku simu inalia, mwanaume, na si mambo ya nywele. Nikakificha kile kitufe siku hiyo hiyo (kinafichika, angalia sehemu ya kuhariri wasifu). Sasa kazi ina akaunti yake, na laini yake kwenye WhatsApp Business. Ikifika saa mbili usiku inawajibu yenyewe kwamba tumefunga.

Muoka keki, Mombasa
Na mleta uzi, ukihama, usirudi ile ya kawaida. Takwimu zako zitafutika zote. Nenda moja kwa moja ya maudhui.

Mleta uzi
Asanteni sana, nyote. Dada wa Nairobi, picha za wanangu nimeziondoa jana hiyo hiyo, niliposoma nilisisimka. Akaunti nimebadili usiku, haikufika dakika mbili, na wimbo umerudi. Ila lile dera la maua mteja alishalichukua asubuhi, nimebaki na wimbo sina nguo.