Kusafisha ECG: Fourier ya madirisha au wevuleti?

Kijana_wa_Oskilo: Wakuu, nina rekodi za ECG (umeme wa moyo), sampuli 360 kwa sekunde. Zina mvumo wa umeme wa ukutani, 50 Hz (mitikisiko 50 kwa sekunde), na mstari wa chini unapanda na kushuka mgonjwa akipumua. Nataka kusafisha bila kuharibu kilele cha R, ile ncha ndefu ya kila pigo. Nitumie ipi: Fourier ya madirisha, inayopima masafa kipande kwa kipande, au wevuleti, inayolinganisha ishara na kiwimbi kifupi kinachonyooshwa na kubanwa?

MzeeWaVichujio: Hiyo 50 Hz haihitaji makuu. Kichujio chembamba kinachokata masafa hayo tu, mistari michache ya msimbo, umemaliza. Siku hizi wevuleti imekuwa mwarobaini, kila ugonjwa inatibu.

Binti_Namba: Shikamoo Mzee. Kwa 50 Hz sina ubishi. Shida ya Fourier ya madirisha ni kwamba ukishachagua dirisha umefungwa nalo. Likiwa refu, QRS, mchoro mkali wenye kilele cha R, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya haizidi sekunde 0.12, inatawanyika humo ndani. Likiwa la sekunde moja, mwendo wa kupumua ulio chini ya 0.5 Hz hautoshei hata nusu wimbi. Wevuleti hurefuka kwa masafa ya chini, hufupika kwa ya juu. Jean Morlet, Mfaransa wa utafutaji mafuta, aliifikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu hiyohiyo: mwangwi wa ardhini una vifupi na virefu kwa pamoja.

Wevuleti hupasua ishara kwa ngazi za masafa. Kwa sampuli zako ngazi ya 1 ni 90–180 Hz, ya 2 ni 45–90, na kila ngazi inagawa kwa mbili. Nguvu kubwa ya QRS iko ngazi ya 4 na ya 5. Shuka hadi ya 8, futa mabaki yaliyo chini ya 0.7 Hz, unganisha upya.

MzeeWaVichujio: Marahaba. Lakini hapo kwenye 0.7 taratibu! Kipande cha ST, mstari unaofuata QRS, kina masafa ya chini sana. Ukikigusa, daktari anasoma uongo. Shuka ya 9, ukate 0.35.

Tito_db4: Na usitumie Haar, wevuleti yenye umbo la ngazi, itakuachia vidaraja kwenye P na T, mawimbi madogo ya kabla na baada ya QRS. Chukua db4, wevuleti laini ya Daubechies. Ila wevuleti ya kawaida haipendi kusogezwa: anza sampuli moja mbele, namba zinabadilika. Ile isiyopunguza sampuli inatibu hilo, ingawa inakula kumbukumbu.

Kijana_wa_Oskilo: ST siisomi, nahesabu mapigo tu.

Binti_Namba: Basi ya 8 inatosha. Weka picha ya kabla na baada tuone kilele.