Ushauri: likizo ya gofu Afrika Kusini, Sun City au Fancourt?

MpigaFimboMalindi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Tuko wanne, tunacheza gofu hapa Malindi, na tumekuwa tukichanga polepole kwenye chama hadi sasa pesa zinatosha kutoka nje ya nchi. Tunataka mahali penye viwanja zaidi ya kimoja, tulale papo hapo, tukiamka tushike mikoba twende tukacheze. Uwanja wetu wa hapa tunaupenda sana, lakini haufiki mashimo 18. Ukitaka raundi kamili lazima urudie njia ulizokwisha pita.

Tumebakisha mbili: Sun City, yenye Gary Player Country Club na Lost City, au Fancourt kule George, yenye Montagu, Outeniqua na The Links. Mmoja wetu ni hodari, handikapu yake (mapigo ambayo mchezaji hupunguziwa; ikiwa ndogo, ni hodari zaidi) ni 8. Mimi ni 19. Wawili wamepita 24, na mmoja wao ni dada yangu mkubwa ambaye goti linamsumbua. Mke wangu atafuatana nasi ila hachezi. Tumelenga mwezi wa sita, kwa sababu wageni huku huwa wamepungua na kazi imelala. Tuelekezeni.

MlamuWaJoburg
Waaleikum salaam kaka. Mimi ni wa Langoni, kazi ndiyo iliyonileta huku, na Sun City naijua.

Gary Player Country Club ulifunguliwa 1979, na ukianzia tii (mahali pa kupigia mpira wa kwanza) za nyuma kabisa ni zaidi ya mita 7,000. Urefu si tatizo kubwa, mtaanzia mbele. Kazi iko kwenye nyasi. Ni ile ile ya kikuyu tunayoijua Kenya, wameipanda huku ikashika vizuri. Mpira ukitua katikati ya njia, ile nyasi iliyokatwa fupi ya kuelekea shimo, unakaa juu yake kama umewekewa. Ukitoka kando kidogo tu, unazama, na unapopiga nyasi inaizonga shingo ya fimbo hadi uso wake unageuka kushoto. Hapo usijaribu ushujaa: chukua fimbo fupi, rudisha mpira njiani. Huyo wa 8 atafurahi. Wale wawili wa mwisho nawaonea huruma.

Lost City una upana zaidi. Shimo la 13 ni la kupiga mara moja hadi grini, yaani nyasi laini inayozunguka shimo, yenye umbo la bara la Afrika, na mbele yake kuna bwawa la mamba, mamba hai. Mpira ukiingia humo usahau.

Juu ya hali ya hewa: mwezi wa sita ni baridi kavu. Alfajiri mikono inakufa ganzi, hasa kwa mtu wa Pwani. Ombeni muda wa saa nne asubuhi, lakini msichelewe zaidi, jua linatua mapema. Shemeji hatachoka kukaa, mbuga ya Pilanesberg iko hapo mlangoni.

KediWaZamani
Kaka MpigaFimbo, mimi nimebeba mikoba ya watu tangu ujana, kwa hiyo sikiliza neno la aliyewatazama wachezaji kwa nyuma. Kikundi chenye 8 na 26 kikicheza uwanja mgumu pamoja kila siku, siku ya tatu hakuna anayezungumza na mwenzake. Hodari anasubiri, mdhaifu anaona aibu, anaanza kupiga haraka na kuharibu zaidi.

Faida ya viwanja vingi ni kwamba mnaweza kugawanyika! Kwa hilo naipendelea Fancourt. The Links ndio uliochezewa Presidents Cup ya 2003, mashindano ya timu ya Marekani na timu ya kimataifa isiyo na Wazungu wa Ulaya, Tiger Woods na Ernie Els wakapigana mashimo ya ziada hadi giza likaingia na pande zote mbili zikagawana kombe. Palikuwa uwanda tambarare, uwanja wa ndege wa zamani, vilima vyote vile vilijengwa kwa udongo ulioletwa. Ni mgumu na una upepo. Wewe na huyo wa 8 nendeni huko siku moja, dada yako na mwenzake wacheze Outeniqua, kisha mkutane chakula cha mchana kila mtu ana habari ya kusimulia. Siku nyingine wote wanne Montagu, mcheze wawili kwa wawili, hodari na asiye hodari upande mmoja.

MwanaKilifi
Kwa nini msimalize Pwani kwanza? Vipingo uko karibu, na ule uwanja wa Baobab umepokea mashindano ya wanawake wa Ulaya. Mkitoka hapo kuna Nyali, kuna Mombasa wenye mashimo 9 kando ya bahari, halafu mvuke mpaka Diani.

MpigaFimboMalindi
Vipingo tunakwenda mara kwa mara ndugu yangu, na Diani tumefika. Safari hii tunataka kulala palipo na viwanja, tusishinde barabarani na kivukoni.

KediWaZamani, umenigusa hapo kwa dada. Yeye husema hana neno, lakini namwona.

BintiMambrui
Kaka, ya safari yenyewe. Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, tangu Januari 2023. Ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano watawadai, na chanjo ichomwe siku 10 kabla ya kusafiri, kwa hiyo asiye nayo aanze sasa. Jingine: ndege nyingine za Malindi hutua Wilson, kiwanja kidogo cha Nairobi. Mkishukia huko na mikoba minne ya gofu, mtavuka Nairobi na foleni zake kwenda JKIA, uwanja mkuu wa ndege za kimataifa. Tafuteni inayotua JKIA moja kwa moja, na muulize kilo za mzigo kabla ya kulipa.

KediWaZamani
Na kuhusu goti. George hunyesha mwaka mzima. Mvua ikipiga, viwanja vingi huzuia vigari vya kubebea wachezaji visikanyage nyasi, vinabaki kwenye njia ya saruji, na mchezaji anakwenda kwa miguu hadi mpira ulipo na kurudi. Waandikieni mapema, waelezeni hali ya dada, muulize kama wana ruhusa maalumu kwa mwenye maumivu. Wakisema hawana, basi mpeni Sun City, mwezi wa sita kule ni kukavu.