Tupeane uzoefu: ile 3 ndogo ya m³ kwenye Excel imeshakutesa?

Mwana_Birere: Jamani, nimepokea devis (makadirio ya gharama) ya ukuta wa kiwanja. Moellon, yale mawe ya kujengea, ni "m3", nondo ni "O10", nikakaa nikajiuliza O gani hii, kumbe ni Ø, alama ya kipenyo. Nyie mnaoshinda kwenye Excel, hizi alama mnaziandikaje? Na zimeshawafanyia nini?

Kalamu_Katindo: F2 kwanza uingie ndani ya selo, chagua hiyo 3 peke yake, piga Ctrl+1, tia alama kwenye Exposant (namba ndogo ya juu), OK. Mjadala umekwisha.

Mjenzi_Ndosho: Umekwisha wapi? Hiyo Exposant yako ndiyo ilitumaliza.

Tulikuwa tunajenga madarasa. Métreur wetu, yule anayekadiria vipimo vya vifaa, mtu safi, tablo yake inang'aa: "12 m3" changarawe, "7 m3" mchanga, kila 3 ameipandisha juu kwa Exposant. Sasa Excel ukishaitilia herufi ndani ya selo, hiyo si namba tena, ni maandishi. Bosi anataka jumla kabla ya saa sita, SOMME, ile fomula ya kujumlisha, inatoa 0. Kijana wa staji (wa mazoezi ya kazi) akasema papa, niachieni. Akafungua Rechercher et remplacer (tafuta na badilisha), akafuta " m" kwenye tablo nzima. Mnajua kilichobaki? 12 m3 ikawa 123. 7 m3 ikawa 73. Ile 3 ilikuwa ndogo machoni petu tu, kwa Excel ni 3 kama zingine. Jumla ikatoka nzuri, bon ya kuagiza ikapigwa muhuri.

Mimi niko kiwanjani. Ben (lori) ya kwanza ikamwaga changarawe, nikasema sawa. Ya pili, sawa. Ikaja nyingine, na nyuma yake nyingine inapiga honi. Nikamwuliza dereva: papa, hamujapotea njia? Akanitolea karatasi kwenye dirisha: gravier 123. Jioni mlango wa stoo hauonekani, mafundi wanaupandia mlima kutafuta koleo zao. Na mwenye ben hakurudisha hata ndoo moja: "Muhuri ni wa kwenu, mzee."

Mwana_Birere: 😂😂 Mungu wangu

Chukudu_Express: Na changarawe iliyobaki ilienda wapi? Mbona hapo umenyamaza?

Mjenzi_Ndosho: @Chukudu_Express swali lako linanuka.

Mama_Labo: Mnacheka changarawe, sisi ni damu ya watu. Globules blancs (chembe nyeupe za damu) tunaandika 5,2 × 10³/µl. Ikiprintiwa "103", mgonjwa anakuja mlangoni anatetemeka: mama docta, mia na tatu ya nini tena? Ukiiandika 103 peke yake kwenye selo, Exposant haishiki ile 3 ya mwisho, kwa sababu Excel inaiona ni namba. Anza na apostrofi: '103. Hapo itakubali.

Ibanda_Bukavu: Kaka zangu wa Goma mnajitesa bure. Andika 12 tupu. Chagua kolomu nzima, Ctrl+1, Nombre, Personnalisé, uweke 0,0" m³". Selo itaonyesha 12,0 m³ na ndani inabaki 12. SOMME inafanya kazi, na hakuna staji atakayefuta kitu.

Kalamu_Katindo: Na hiyo ³ ya kwenye format unaitoa wapi, Bukavu? Exposant humo haiingii.

Ibanda_Bukavu: Alt 0179: shikilia Alt, piga 0179 kwenye namba za pembeni. Mraba ni Alt 0178, digrii 0176, Ø ni 0216.

Kalamu_Katindo: Kwenye mashini ndogo isiyo na namba za pembeni?

Ibanda_Bukavu: Nunua mashini ya maana.

Mwana_Birere: Eeh! Polepole.

Solange_Himbi: Klavye ya Kifaransa ina ² chini ya Esc, watu hata hawaitazami.

Chukudu_Express: ² ndiyo, ³ haina.

Solange_Himbi: Yangu inayo, Shift na hiyo hiyo. Ni okazyo (mtumba) ya Ubelgiji.

Chukudu_Express: Wabelgiji nao. Mimi nabonyeza 3 kwenye simu bila kuachia, ³ inatokea, najitumia WhatsApp, nakopi.

Mama_Labo: Safari ndefu hiyo kwa namba moja 😄

Mtoto_wa_Kivu: Msaada wa haraka. Nina tablo ya vipimo vya mazuku (ile gesi ya kuua inayotoka ardhini), bosi hataki kuona CO2, anataka 2 iwe chini. Alt gani?

Ibanda_Bukavu: Kwa ile ya chini Alt haitakusaidia. Andika ="CO"&UNICAR(8322). Ila Excel iwe ya 2013 au mpya zaidi.

Kalamu_Katindo: Au Ctrl+1, Indice (namba ndogo ya chini).

Mjenzi_Ndosho: Au mwambie bosi ashuke mwenyewe bila kinga akaipime, akirudi hataulizia tena 2 iko wapi.

Mtoto_wa_Kivu: Yangu ni ya 2007, imenijibu #NOM? 😭

Solange_Himbi: Insertion, Symbole, shuka mpaka "Exposants et indices". Chukua ₂ hapo, ukopi kwenye selo zote.

Chukudu_Express: Mzee Mjenzi, bado nasubiri jibu la changarawe.