Thomu na tangawizi zilizochachuka kwenye asali: nimpe mama na mtoto?

Binti wa Kisauni: Asalaam aleikum. Jirani ametuletea chupa ya asali iliyotiwa thomu, tangawizi na bizari, imekaa mwezi mzima ikichachuka. Asema yapandisha kinga kushinda dawa yoyote ya famasi, na kusi hii nyumba nzima inakohoa. Mama anatumia warfarin ya moyo, ile dawa ya kuzuia damu isigande, mtoto ana miezi 8. Nikifungua kifuniko chalia fyuu, na thomu nyengine zimegeuka buluu. Imeharibika?

Mpwani Halisi: Waaleikum salaam. Hiyo fyuu ni gesi ya uchachu. Asali tupu ina maji machache mno, hamira haiwezi kukua. Maji ya thomu na tangawizi yakiitia wepesi ndipo inaanza kutokota. Ubuluu nao ni salfa ya thomu ikikutana na asidi, haudhuru. Lakini mtoto USIMPE! Asali kwa mtoto aliye chini ya mwaka yaweza kumletea botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Najua nyanya zetu huwalambisha, hata hivyo usimpe.

Mzee wa Marikiti: Musitishe watu. Wakorea wanachachusha ginseng, ule mzizi wao wa dawa, na mwili waifyonza vizuri zaidi.

Mfamasia Likoni: Kweli, mzee wangu. Bakteria huzivunja ginsenosaidi, kemikali za ginseng, zikawa kemikali ndogo iitwayo kampaundi K, ambayo hufyonzwa kwa urahisi. Ila sehemu kubwa ya majaribio ya kinga ni ya panya na seli za maabara, na hiyo ni ginseng, si thomu. Kwa binadamu kuna utafiti wa Stanford wa 2021: watu wazima 36, nusu yao wakala mtindi, kimchi na vyengine vilivyochachuka. Alama za uvimbe wa ndani (inflammation) kwenye damu yao zilishuka. Hakuna aliyesema mafua yaliwakimbia.

Dada, shida yako ni mama. Thomu, tangawizi na bizari zikizidi juu ya warfarin, damu yaweza kukataa kuganda. Za kwenye mchuzi kama alivyozoea hazina neno. Kijiko cha chupa hiyo kila asubuhi, hapana, mpaka kliniki anakopimwa INR, kile kipimo cha damu inavyoganda, waambiwe.

Binti wa Kisauni: Ahsanteni. Ya mtoto nimeelewa. Mama jana ashalamba vijiko viwili, na jirani ataka kujua kama imemfaa.

Mfamasia Likoni: Vijiko viwili usihangaike sana, asiongeze tu, na kesho wapigie kliniki. Akitoka damu puani au kwenye fizi, akipata mkojo mwekundu au choo cheusi, hospitali usiku huohuo. Jirani mwambie mama amekatazwa na daktari.