Naomba ushauri: NTA Level 4, VETA Level I au A-Level, kijana aende wapi?

Mjomba_Mlezi: Wakuu, nawasalimu. Mpwa wangu amemaliza Kidato cha Nne kwa Daraja la Tatu, pointi 24: ana C za Historia, Jiografia, Kiswahili na Kiingereza, na D za Uraia, Hisabati na Baiolojia, ilhali Fizikia na Kemia amepata F. Yeye anataka umeme. Chuo kimoja cha binafsi kimempa nafasi ya NTA Level 4 (NTA ni ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi hapa Tanzania), kituo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kinasema ataanzia Level I, na mama yake anashikilia A-Level. Kinachonitatiza ni kwamba chuoni anaanzia 4 ilhali hizo tatu za chini hakuzisoma popote. Je, kumpeleka VETA ni kumshusha?

Mwalimu_wa_Zamu: Ndugu, Level I hadi III ni za ufundi stadi, ambazo vyeti vyake huitwa NVA, yaani tuzo za taifa za ufundi stadi. Kuanzia 4 ni ngazi za vyuo vya ufundi: 4 ni astashahada ya awali, 5 ni astashahada, 6 ni stashahada, kisha zinapanda hadi 10 ambayo ni uzamivu. Mwenye ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, yasiyo ya dini, huweza kuingia 4 moja kwa moja, kwa hiyo hakuna alichoruka. A-Level haimo kabisa katika hesabu hiyo. Ni Kidato cha Tano na cha Sita tu.

Fundi_Nyaya: Kabla ya kulipa ada, fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, uangalie sifa za kozi yenyewe. Kozi nyingi za uhandisi hudai ufaulu wa Fizikia na Hisabati, na chuo kilichompokea kijana mwenye F ya Fizikia bila kuuliza chochote mimi ningekitilia shaka. VETA si kumshusha. Anayetaka kufunga nyaya za nyumba hujifunzia huko.

Binti_wa_Takwimu: Mama yake naye ana hoja. Kidato cha Tano kinahitaji C tatu na pointi zisizozidi 25, kwa hiyo sifa anazo, ila ni kwa tahasusi (michepuo ya masomo matatu) kama HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, au HGL, yenye Kiingereza badala ya Kiswahili, ambazo hazimfikishi kwenye umeme. Mjiandae pia kwa mkanganyiko mwingine: katika madaraja ya NECTA, baraza la mitihani, A ni pointi 1 na mwenye chache ndiye bora, lakini akiomba chuo kikuu, A ya Kidato cha Sita huhesabiwa pointi 5 na mwenye nyingi ndiye bora.

Mjomba_Mlezi: Nashukuruni. Nimeupitia mwongozo, na kweli kozi ile inadai Fizikia. Je, anaweza kuirudia huku akisoma VETA?

Mwalimu_wa_Zamu: Anaweza, akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ajisajili mapema katika kituo kinachotambuliwa na NECTA, kwa sababu anayechelewa hulipa ada ya juu zaidi. Akipata angalau D, ambayo ni ufaulu, Level 4 ataiomba upya akiwa tayari ameshika koleo.